Fundi wa mitumbwi wa Kalundu avisha ubao wa mawimbi nguo ya kioo huko Durban

Huko Durban, Afrika ya Kusini, kazi ambayo Wakongomani wengi wanajulikana nayo ni kulinda magari. Wanasimama kwenye maegesho ya maduka, ya makanisa na ya pwani wakiwa na fulana ya rangi kali, wanaonyesha madereva nafasi, na dereva anapoondoka anaacha sarafu mbili tatu, au haachi kitu. Wengi wanalipa ada ya siku kabla ya kuruhusiwa kusimama hapo. Kati yao kuna walimu, wauguzi, watu waliosoma sheria. Na kuna mmoja, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa fundi wa mitumbwi hapa kwetu Kalundu.

Ana miaka 46. Kalundu alikuwa akiunda mitumbwi ya kuvulia ndakala, ile inayofungwa miwili miwili kwa miti na kubeba taa usiku. Kazi alifundishwa na baba yake mdogo: kupinda mbao, kuzipigilia misumari, kuziba nafasi kwa pamba. Aliondoka na mkewe wakati wa vita. Safari yao kupitia Tanzania na Msumbiji inafanana na ya wengine wengi, na wasomaji wengi wana ndugu aliyeipita. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Durban. Sasa ana miaka 13, na anaongea Kizulu na Kiingereza haraka kuliko Kiswahili.

Mahali anaposimama baba huyo ni kando ya bahari, na wateja wake wa asubuhi ni watu wa mawimbi. Wanafika kabla ya jua, wanashusha ubao kutoka juu ya gari, wanavua viatu na kumwachia ufunguo, maana baharini hakuna pa kuuweka. Kwa miaka aliwatazama bila kuelewa mtu mzima anatafuta nini kwenye maji asikotoka na samaki. Lakini mbao zenyewe alizitazama vingine. Jicho la fundi halistaafu. Aliona kwamba zinabebwa kwa mkono mmoja, kwamba hazina msumari hata mmoja, na kwamba zinapovunjika, ndani yake ni povu jeupe kama lile la masanduku ya kuhifadhia samaki kwenye barafu. Sisi huku tunaliita frigoliti.

Mchezo huo una historia yake Durban. Shaun Tomson, mtoto wa mji huo, alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1977. Wakati huo fukwe ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, na mtoto mweusi hakuruhusiwa kuingia kwenye maji yale yale. Hilo liliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wa 2018 Mikey February, kijana mweusi kutoka Cape Town, aliingia kwenye mashindano ya ngazi ya juu kabisa ya dunia, na kwa watoto wa fukwe za Afrika ya Kusini hilo halikuwa jambo dogo. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya kijana wetu muda mrefu kabla baba yake hajajua ni nani.

Baba alikuja kugundua kwa sababu ya nta. Watu wa mawimbi wanapaka nta juu ya ubao ili mguu usiteleze. Jioni moja alimkuta kijana na nta kwenye nywele, na kifua kimechubuka kama kimesuguliwa na jiwe. Kumbe kwa miezi alikuwa anakwenda baharini baada ya masomo na nusu ya ubao uliovunjika, aliookota kwenye takataka. Nusu nzima! Mahali ulipovunjika, ngozi ya nje ilikuwa imebaki na meno kama chupa iliyopasuka.

«Kwa nini hukusema?»

«Papa, nilijua utakataa.»

Alikuwa na sababu ya kujua. Katika nyumba hiyo maji hayatajwi ovyo. Mdogo wake fundi, wa tumbo moja, alikufa ziwani, upande wa Fizi, katika mtumbwi uliobeba watu na mihogo kupita kiasi. Hakuwa mtumbwi alioutengeneza yeye, na amelisema hilo mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mkewe aliposikia habari ya bahari alisema neno moja tu: «Ziwa lilitutosha.» Kisha akanyamaza siku tatu. Anayejua mama wa Kivira akinyamaza anajua hiyo si amani.

Kumkataza kulikuwa rahisi kwa mdomo. Lakini baba anakaa kazini kutoka alfajiri hadi jioni, mama anashona kwenye duka la watu, na bahari iko mwendo wa dakika kumi kutoka shule. Aliona kwamba kijana atakwenda tu, na atakwenda na kile kipande chenye meno. Akaulizia bei ya ubao mpya: ni mapato ya majuma mengi ya mlinzi wa magari, bila kula. Ndipo akaamua kuutengeneza mwenyewe. Mkewe aliona uamuzi huo ni wazimu, tena wa gharama, kwa sababu pesa iliyokuwepo ilikuwa kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya kuhamia chumba kikubwa zaidi. Hapa mwandishi yeyote mwenye haki atasema kwamba mama huyo hakukosea.

Aliyemfungulia mlango ni mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, mteja wake wa siku nyingi, aliyefanya kazi ya kuvisha mbao za mawimbi katika karakana mpaka mapafu na ngozi vikachoka. Huko Durban mzee wa namna hiyo anaitwa Anko hata na asiye ndugu. Anko ana banda nyuma ya nyumba yake, na alikubali kulitoa kwa Jumamosi tatu, kwa sharti kwamba kijana mwenyewe awepo kila mara na afanye kazi.

Jambo la kwanza alilowaonyesha lilihusu sumu. Alichukua kipande cha frigoliti, akakidondoshea rezini ya polyesta, ile ambayo mafundi wa magari wanatumia kuziba bodi zilizotoboka na ambayo ni rahisi kupata. Kwa dakika chache povu likaanza kuliwa, likazama, pakabaki shimo lenye utelezi. Ndani ya polyesta kuna kemikali iitwayo stireni, na frigoliti inayeyuka ndani yake. Rezini ya epoksi haina stireni, inakaa juu ya frigoliti bila kuila. Kwa hiyo, hata kama ni ghali zaidi, hapakuwa na uchaguzi. Zamani karakana nyingi za dunia zilitumia povu la aina nyingine, la polyurethani, ambalo linavumilia polyesta. Kampuni ya Gordon Clark huko California ndiyo iliyouza sehemu kubwa ya povu hilo, na ilipofunga ghafla mwezi wa 12 mwaka wa 2005, mafundi wengi walilazimika kujifunza frigoliti na epoksi. Anko alikuwa mmoja wao. Alilisimulia kama watu wa Bukavu wanavyosimulia siku daraja la Ruzizi limefungwa.

Bonge la frigoliti walilipata kwenye mabaki ya ujenzi. Walilikata kwa waya uliopashwa moto, wakalipasua katikati kwa urefu, na katikati hapo wakagundisha ubao mwembamba wa msonobari uliochongwa kufuata mgongo. Fundi aliuita mkuku papo hapo, na Anko alipouliza maana yake, akamwambia ni uti wa mgongo wa mtumbwi. Kuchonga hakukumsumbua. Siku mbili za randa na msasa, ubao ukapata pua, mkia na mbavu: urefu sentimita 178, upana 51, unene sita na nusu. Kilichomsumbua ni udhaifu wake. Alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaacha shimo. Mtu aliyezoea mvule na misumari ya nchi nne hawezi kumpandisha mtoto wake juu ya kitu kama hicho.

Hapo ndipo alipolazimika kuelewa jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Katika mtumbwi, nguvu iko ndani ya mbao. Katika ubao wa mawimbi, povu halina kazi nyingine ila kuzitenganisha ngozi mbili, ya juu na ya chini. Mguu unapokanyaga, ngozi moja inabanwa na nyingine inavutwa, na kadiri zilivyo mbali ndivyo ubao unavyokataa kupinda. Kitambaa cha fibaglasi kinastahimili kuvutwa lakini peke yake ni laini kama pazia. Rezini ikiganda ni ngumu lakini peke yake inapasuka kama kioo. Vikikutana vinakuwa ngozi. Ndiyo maana siku ya kuvisha ni siku ya ubao wenyewe, na yote ya kabla yake ni maandalizi.

Siku hiyo walianza saa tisa mchana, si asubuhi. Fundi alitaka kuanza mapema, Anko akakataa, na sababu yake inastahili kuelezwa. Frigoliti imejaa hewa. Joto likipanda, hewa hiyo inafura na kutoka nje, na ikikuta rezini mbichi inaifanyia vipovu na matundu kama ya sindano. Joto likishuka, hewa inajikunja na kuivuta rezini ndani. Basi unavisha wakati siku inapoa. Fundi alilielewa mara moja: bidoni tupu iliyofungwa ndani ya mtumbwi mchana hufura mpaka ikalia, na usiku hubonyea.

Walitandika kitambaa cha gramu 200 kwa kila mita ya mraba, wakaanza na upande wa chini. Kijana alikikata kwa mkasi akiacha sentimita tano zinazoning'inia pande zote, ili zigeuzwe na kushika ubavu. Kwenye mikunjo ya pua na mkia walikata vipande vya pembetatu, kama mshonaji anavyofanya kwenye shingo ya gauni. Mama angelifanya vizuri zaidi, baba alisema, lakini mama hakuwepo.

Kisha vipimo. Rezini yao ilitaka sehemu mbili kwa sehemu moja ya kigumishi, ile chupa ya pili inayoifanya igande, na kipimo hicho ni cha ujazo. Ukipima kwa mizani, hesabu inabadilika, kwa sababu kigumishi ni chepesi kuliko rezini. Hapa wengi wanapotea, hasa waliozoea polyesta. Katika polyesta unaweza kuongeza tone la kigumishi ukiwa na haraka, nayo itaganda mapema. Epoksi haikubali. Kila sehemu ya rezini inatafuta sehemu yake ya kigumishi, na kinachozidi, upande wowote, hakipati mwenzake: kinabaki laini milele. Anko aliwaambia aliwahi kuona ubao mzima unaonata baada ya mwezi, ukatupwa. Kwa kilo moja na nusu waliyokuwa nayo, iliyotoka kwenye kopo la maziwa, hapakuwa na nafasi ya kutupa.

Alimpa kijana kazi ya kukoroga. Dakika tatu kamili kwa saa, kijiti kikikwangua kuta na chini ya kikombe. Halafu walimimina katikati ya ubao na kusambaza kwa kipande cha bidoni kilichosawazishwa makali. Kitambaa cheupe kikalowa, kikawa kama hakipo. Kila fundi anayeona hilo mara ya kwanza huacha mkono kidogo. Uzi ule wote wa kioo unatoweka machoni na mkuku unaonekana chini, ukiwa mwekundu zaidi kuliko ulivyokuwa mkavu.

Mkono wa fundi ulitaka kumwaga zaidi. Kwenye mitumbwi, lami ikizidi haidhuru. Hapa inadhuru: rezini ikizidi, kitambaa kinaelea juu yake badala ya kulala kwenye povu, na ubao unakuwa mzito na wenye kupasuka. Unavuta kutoka katikati kuelekea ubavuni, taratibu, mpaka mwanga wa kung'aa uondoke na ubaki ufumaji. Ukikandamiza sana unaikausha na kuingiza hewa. Kati ya hayo mawili kuna uzito wa mkono ambao hakuna anayeweza kuuandika.

Wakati baba na Anko wamejikunja ubavuni wakigeuza zile sentimita tano, kijana alipiga kelele. Kikombe cha pili, walichokoroga mapema na kukiacha mezani, kilikuwa kinatoa moshi. Epoksi inapoganda inazalisha joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto hilo halina pa kutokea. Linaharakisha mgando, na mgando unaongeza joto. Ikitandazwa kwenye ubao inabaki baridi. Ndani ya kikombe, karibu gramu mia mbili zilichemka na kuwa jiwe la njano. Baba alikibeba kwa koleo hadi nje, akakiweka kwenye mchanga. Hakusema kitu. Kijana alijua hesabu ya kopo kama yeye.

Wakalazimika kupiga hesabu upya. Upande wa juu, ambao unakanyagwa, ulipaswa kupata vitambaa viwili kamili. Rezini iliyobaki haikutosha. Anko alikuwa na makopo yake kwenye rafu, na aliyatazama, lakini fundi alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Walivisha kitambaa kimoja kizima, na cha pili wakakikata nusu, kifunike tu pale miguu miwili inaposimama na pale kifua kinapolala. Vipande vilivyobaki vikaenda mkiani, kuzunguka mapezi matatu, ambapo ubao unavutwa zaidi. Kwa hakika mafundi wengi wa mbao nyepesi wanafanya hivyo hivyo kwa makusudi.

Safu ya mwisho, ile ya kujaza ufumaji ili juu pawe laini, waliipaka usiku huo huo, ngozi ikiwa bado inanata kidogo kwenye glavu lakini haichafui. Katika dirisha hilo la saa chache, safu mpya inaungana na ya chini kikemia, zinakuwa kitu kimoja. Ukichelewa mpaka asubuhi, lazima uoshe na kusugua kwa msasa kwanza. Na kuosha si mchezo, maana Durban ina unyevu mwingi na epoksi nyingine hutoa utando wa mafuta juu inapoganda hewani. Utando huo ukiusugua bila kuuosha kwa maji, unauzamisha tu.

Neno moja kwa vijana wetu wanaopenda kujaribu: glavu wakati wote, na wakati wa msasa kinyago cha kweli, si kitambaa cha pua. Vumbi la fibaglasi linakaa kwenye mapafu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara nyingi, siku moja mwili unaikataa, na tangu hapo hata tone linaleta vidonda. Mikono ya Anko ndiyo ushahidi. Hakugusa kitu siku ile, alifundisha kwa mdomo na kijiti.

Ubao ulikaa juma nzima bandani. Mama aliuona siku ulipoletwa chumbani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, ukasimamishwa nyuma ya mlango. Aliugonga kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama anayepima chungu sokoni.

«Ndani ni frigoliti?»

«Ndani ni frigoliti.»

«Na huyu akianguka?»

Fundi alimwonyesha kamba ya mguuni. Akamweleza kwamba frigoliti haizami, kwamba hata ukivunjika vipande viwili vyote viwili vinaelea. Akamweleza habari ya nyavu za papa, ambazo Durban inazo tangu mwaka wa 1952. Mama alisikiliza yote. Kisha akaweka sharti lake: kijana aende Jumamosi na Jumapili tu, asubuhi, mahali baba anapolinda magari, si mbali na macho yake.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Baba hawezi kuacha magari, kwa hiyo anatazama kwa vipande: gari linaingia, anaonyesha nafasi, anageuka, anatafuta kichwa cheusi kati ya mawimbi, anakipata, gari jingine linaingia. Siku ya kwanza, anasema, hakuona hata sarafu alizopewa. Ubao una kasoro. Upande wa kushoto karibu na pua kuna kipovu cha hewa cha ukubwa wa franka mia, ambacho atakipasua na kukijaza akipata rezini. Na umeshaanza kubonyea kidogo pale penye kisigino, pale hasa ambapo kitambaa cha pili kiliishia.

Habari ilipofika Kalundu, mjomba wa kijana, ambaye bado anaunda mitumbwi, aliuliza kama mitumbwi ya ziwani nayo inaweza kuvishwa, kwa kuwa mbao nzuri zimekuwa ghali, na mwaka wa 2024 maji ya ziwa yalipopanda yaliozesha mingi iliyokuwa nchi kavu. Jibu la fundi lilichukua sauti nne za simu. Mtumbwi wa zamani, hapana. Mbao zilizokunywa maji hazishikani na epoksi, na zilizofungwa kwa misumari zinacheza. Ngozi itapasuka kwenye maungio, maji yataingia nyuma yake na hayatatoka, na mbao zitaoza mahali ambapo jicho halioni. Mtumbwi mpya, wa mbao zilizokauka vizuri, uliogundishwa tangu mwanzo, unaweza. Lakini kwa mtumbwi wa mita saba zinahitajika kilo nyingi za rezini, na hajui duka la Uvira au Bujumbura linaloiuza kwa bei ya mvuvi. Mjomba akauliza tena kama kwa mtumbwi mdogo, wa mtu mmoja, ingetosha kilo ngapi. Hesabu hiyo fundi ameianza nyuma ya karatasi ya maegesho, na kijana ndiye anayempimia mita za mraba.